Binti yangu wa miaka 15 anajificha watu kwa sababu ya mwili wake, naombeni ushauri

MamaWatatu_Ukonga

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naombeni mawazo hasa nyie mliolea mabinti wa rika hili au mliopitia wenyewe.

Nina binti yuko kidato cha pili, miaka 15. Tangu mdogo ni mtoto wa mwili, kwa upande wa baba yake wote wako hivyo na nyumbani hatukuona tatizo, wageni wakija walikuwa wanatusifia kabisa kwamba mtoto kanawiri. Sasa tangu avunje ungo mwili umeongezeka kwa kasi sana, ila kinachoninyima usingizi siyo kilo jamani, ni jinsi alivyobadilika. Alikuwa kwenye kwaya ya vijana kanisani kaacha, ukimuuliza anasema sare inambana. Picha hapigi, akiona simu imeinuliwa tu anatoka. Mezani anakula vijiko vitatu anasema nimeshiba, halafu nikifagia chumbani nakuta makaratasi ya biskuti na chupa za soda uvunguni.

Asubuhi kwenye daladala konda anamkatalia nauli ya mwanafunzi, yunifomu kavaa na begi lipo mgongoni lakini anaambiwa wewe ni mtu mzima lipa kamili, abiria wanacheka. Shuleni wamempa jina, sitaliandika hapa. Na kuna wanaume wazima wanamsumbua njiani wanaomba namba, yaani kwa sababu ya mwili watu hawaoni kwamba huyu ni mtoto. Juzi kati tulimpeleka kwa fundi kushona nguo ya sendofu ya shangazi yake, fundi akawa anataja vipimo kwa sauti na binamu zake wamekaa pale, mmoja akacheka. Mtoto akaondoka na kwenye sendofu hakwenda.

Nyumbani sasa kila mtu na lake. Bibi yake anasema mwacheni mtoto ale mnataka watu waseme anaumwa? Baba yake anamwita "bonge langu", kwa upendo kabisa maana wanapendana sana hao wawili, na akimuona na chapati ya pili anamwambia we mama punguza. Dada yangu kaleta majani ya kuchemsha ya kupunguza tumbo, sijampa bado. Juzi usiku akaniambia "mama mi hata nikifa mtahangaika jeneza", akacheka. Mimi sikucheka. Nifanyeje?

---

Gereji_Boy88

Pole sana mama. Mi ni mwanaume lakini nimepita humo humo so ngoja niseme upande ambao wavulana huwa hatuusemi.

Mimi nilikuwa na kifua, yaani maziwa kama ya msichana, kuanzia darasa la sita mpaka namaliza fomu foo. Nilikuwa navaa sweta la shule Dar hii hii mwezi wa pili, jasho linatiririka, mwalimu akiuliza nasema nina homa. Siku ya michezo naumwa. Tukicheza mpira mtaani mi golikipa kila siku na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka. Na ili wasinicheke nikawa nachekesha mimi wa kwanza, najitukana mwenyewe kabla hawajanitukana, watu wote wanasema jamaa ana raha huyu, mwenye roho nyepesi. Nyumbani nikifika najifungia nakula mkate mzima na chai ya rangi, bila njaa. Nakula ili kile kitu cha siku nzima kinyamaze.

Kwaiyo mama hiyo ya jeneza halafu akacheka, naomba usiichukulie kama utani. Mimi vicheko vyangu vingi vya enzi hizo vilikuwa hivyo hivyo.

Na kuhusu baba yake, naamini anampenda, baba yangu pia alinipenda. Lakini mtoto akishaitwa jina shuleni kutwa nzima, akirudi akakuta baba naye ana jina lake la mwili, hata liwe tamu vipi, anaelewa kwamba hata nyumbani kitu cha kwanza wanachokiona kwake ni unene. Hakuna pa kupumzika tena. Mi nilipumzikia kwa mjomba gereji, wikiendi naenda kumsaidia, yeye alikuwa ananisifia mkono wangu kwenye injini na mwili wangu hajawahi kuutaja hata siku moja. Mpaka leo nikimkumbuka yule mzee machozi yananilenga. Mtafutie binti mtu kama huyo.

---

Sista_Wa_Zamu

MamaWatatu pole na hongera kwa kuona kwamba tatizo siyo kilo peke yake. Mi ni muuguzi, nakaa sana na vijana kliniki, nitaandika ndefu nisamehewe.

Kwanza hiyo kauli ya kufa. Leo leo tafuta muda mkiwa wawili tu, muulize wazi: mwanangu ile siku ulisema kuhusu kufa, huwa unawaza kufa? Umewahi kufikiria kujidhuru? Wazazi wengi wanaogopa kwamba wakiuliza watampa wazo, hapana, kuuliza hakumpi wazo, kunampa mlango wa kusema. Akisema ndiyo usimwache peke yake na usisubiri kliniki ya wiki ijayo, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, yoyote iliyo karibu, watakuelekeza kwenye huduma ya afya ya akili, Dar kitengo kipo Muhimbili. Pia kuna namba ya bure ya watoto 116, anaweza kupiga yeye mwenyewe kama kwako anaona aibu.

Pili, hicho cha kula kidogo mezani halafu kula mafichoni. Huo siyo ulafi wala tabia mbaya. Mtoto anajinyima mchana kwa sababu macho yote yako kwenye sahani yake, mwili unadai, usiku anakula haraka haraka nyingi mpaka tumbo linauma, kisha anajichukia, kesho anajinyima tena. Ikijirudia mara kwa mara na akiwa anaona ameshindwa kabisa kujizuia, ni ugonjwa unaojulikana kitabibu na una matibabu ya mazungumzo. Angalia pia kama anakimbilia chooni mara tu baada ya kula, au anatumia dawa za kuharisha. Na hayo makaratasi ya uvunguni usimwanikie mbele za watu wala usimtolee kama ushahidi.

Tatu, mwili wake ucheki kabla hamjamlaumu. Angalia shingo yake kwa nyuma na makwapa, kuna weusi fulani mnene kama mahameli? Watoto wengi wa aina hii wanasuguliwa shingo na dodoki mpaka wanachubuka na kuambiwa wachafu, kumbe siyo uchafu, ni ngozi inaonyesha kwamba insulini ya mwili, yaani homoni inayoratibu sukari, haifanyi kazi vizuri. Hebu fikiria mtoto anaoga mara mbili kwa siku na anaitwa mchafu. Je hedhi yake inakuja kila mwezi au inaruka miezi, ana ndevu ndevu kidevuni, chunusi nyingi? Inaweza kuwa ni homoni za ovari, na hilo nalo linaongeza uzito na linavuruga hisia. Je anakoroma sana na darasani anasinzia? Mtoto anayekosa pumzi usiku anaamka amechoka, ana hasira, anasahau masomo, anaitwa mvivu. Kama kuna dawa anatumia muda mrefu za pumu za vidonge au za kifafa taja pia, baadhi zinanenepesha.

Na hayo majani usimpe, umefanya vizuri sana. Mengi yana sena, ni ya kuharisha tu, anapoteza maji na chumvi, mafuta yanabaki pale pale. Kuna bidhaa za kupunguza uzito zinazouzwa kama chai au kahawa za asili ambazo zikipimwa zinakutwa na dawa inaitwa sibutramini, hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya matatizo ya moyo. Mtoto wa miaka 15 asiguse.

---

Mzee_Wa_Msimamo

Nasoma naona mnamlea binti kama yai. Mimi nina watoto watano wote wembamba, siri ni moja, nidhamu. Chipsi marufuku, soda marufuku, chakula kinafungiwa kabatini, saa kumi na moja asubuhi wote tunakimbia. Na mtoto aambiwe ukweli kwamba amenenepa, sukari na presha havibembelezi mtu. Dunia haitamuonea huruma, konda na wanafunzi wenzake ndio dunia yenyewe hiyo. Akiumia leo atajituma kesho.

---

Sista_Wa_Zamu

Mzee wangu shikamoo. Kwenye soda na chipsi tuko pamoja, na sukari na presha kweli zinawapata hata vijana siku hizi. Mi napingana na wewe hapo tu pa "akiumia atajituma", maana hilo limefuatiliwa na majibu yapo.

Marekani watafiti wa taasisi ya taifa ya afya walifuatilia watoto na vijana kwa miaka, waliokuwa wanene au walio hatarini kunenepa, wakachapisha mwaka 2019. Waliokuwa wanataniwa sana kwa sababu ya uzito uzito wao ukilinganishwa na urefu uliongezeka kwa mwaka asilimia 33 zaidi kuliko wa wasiotaniwa. Kuna na ule wa Minnesota uliofuata vijana miaka 15 mpaka wakawa watu wazima, waliotaniwa uzito ujanani, hata na watu wa nyumbani, walikuwa na hatari zaidi ya unene ukubwani na ya kula ili kujituliza. Kwaiyo mtoto akiumia hajitumi mzee, anajificha. Anaacha michezo kwa sababu michezoni ndiko wanakomcheka, halafu tunasema mvivu.

Na mwaka 2003 kule San Diego waliwauliza watoto wenye unene mkubwa kuhusu maisha yao ya kila siku, shule, marafiki, furaha. Majibu yao yalilingana na ya watoto wanaotibiwa saratani. Mimi hii nikiisoma huwa nasimama kidogo, kwa sababu mtoto mwenye saratani mtaani tunambebea uji na maombi. Huyu mwingine tunampa jina la utani.

Kukimbia asubuhi ni vizuri kama mnakimbia wote na yeye anataka. Shirika la Afya Duniani linasema umri wa miaka 5 mpaka 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuuchangamsha mwili kwa siku, na siyo lazima ziwe mbio, kucheza muziki sebuleni kumo, kutembea haraka haraka kwenda sokoni kumo.

---

Ticha_Kemia

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nichangie upande wa shule maana huko ndiko mtoto anakoshinda.

Mchakamchaka wa asubuhi unaumiza watoto hawa kuliko mnavyofikiri, siyo kukimbia kwenyewe, ni kule kubaki nyuma peke yako na shule nzima inakuimbia. Kuna shule nilifundisha ilikuwa desturi wa mwisho anazunguka tena. Nilikuwa naona wale wale wanazunguka kila wiki, na baada ya muda hao hao ndio watoro. Ukiuliza unaambiwa malaria. Mama nenda kaonane na mwalimu wa malezi, mwenyewe ana kwa ana, usitume ujumbe. Mwambie jina analoitwa na uombe likomeshwe bila kumsimamisha binti yako mbele paredi, maana kuna walimu wanakemea utani kwa kumtaja mtoto kwa jina na wanazidisha. Waombe pia kuhusu sare, sketi ikimbana kifuani na kiunoni anashindwa hata kunyoosha mkono kujibu swali. Mshonee iliyo saizi yake leo, usimshonee ndogo eti imhamasishe kupungua.

Kitambulisho cha shule awe nacho mkononi kwa ajili ya konda. Na ikiwezekana apande na mwenzake, kwa sababu konda anamchagua aliye peke yake, na wale wanaume wa njiani pia. Hilo la wanaume usilipite juu juu mama, mtoto anayejiona mbaya akisikia mtu mzima anamsifia anaweza kudhani hiyo ndiyo bahati yake pekee. Nimeona mabinti wawili watatu wakipotea kwa njia hiyo. Asikie kwako kwamba ni mzuri kabla hajasikia kwa boda.

Kitu kimoja cha furaha nimekiona. Tulikuwa na binti wa mwili mkubwa, kimya, anakaa dawati la nyuma, mwalimu wa michezo akamjaribisha kutupa tufe. Alienda UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa. Hakupungua hata kilo, ila alianza kuinua kichwa akitembea. Sisemi kila mtoto mnene atupe tufe, na akikataa asilazimishwe. Ila kama kwaya ndiyo aliipenda, mrudishieni kwaya kwanza, ongeeni na kiongozi wao sare ipanuliwe kimya kimya.

---

MamaWatatu_Ukonga

Jamani nashukuru mpaka nakosa maneno. Sista nimemwangalia shingo, ni kweli kabisa, weusi upo, na mimi mwenyewe huwa namkumbusha ajisugue. Anakoroma ndiyo. Hedhi ilikaa kama miezi mitatu haijaja nikadhani ni kawaida ya wanaoanza.

Nimemuuliza jana usiku kuhusu kufa. Alinyamaza muda mrefu, akasema hataki kufa ila huwa anatamani asionekane. Tumelala kitanda kimoja. Sasa swali langu, naongea naye vipi kuhusu chakula bila kumuumiza? Na huyu bibi yake na mashangazi nawafanyaje, maana wao kila wakija salamu ya kwanza ni mwili.

---

Binti_Wa_Chumbageni

Shikamoo mama. Mi nina miaka 22 na nilikuwa huyo binti yako kabisa, mwili bado ninao ila kichwani nimepona, ngoja nikuambie kilichofanya kazi kwetu.

Mama yangu aliacha kuongea kuhusu chakula changu, akabadilisha chakula cha wote. Kaka zangu wembamba nao wakakosa soda, ikawa nyumba hii hatununui soda kila siku, kila siku ni maji, juisi ya ukwaju ni siku za sherehe tu. Maandazi yakapungua kwa wote, asubuhi mihogo ya kuchemsha au viazi na maharage. Hakuna sahani yangu ya pekee wala kachumbari yangu ya mgonjwa. Ile kumpikia mtoto mmoja mchicha wakati wengine wanakula pilau ni adhabu, mi bora unichape. Na tukaanza kula wote pamoja bila tivii, na mezani ikawa mwiko kutaja mwili wa mtu yeyote, hata wa jirani, hata wa mama mwenyewe. Hilo la mwisho naomba ulisikie, mama yangu alikuwa akijiangalia kwenye kioo anasema mi tumbo hili sijui nilipeleke wapi, mi nasikia, najiambia kama yeye anajichukia hivyo mimi je.

Simu nayo ina mchango wake. TikTok ukitazama video moja ya kupunguza tumbo inakuletea mia, viuno vyembamba, dada anakuambia kunywa ndimu na tangawizi siku saba. Nilikuwa natazama mpaka saa nane usiku, na nikilala vibaya kesho njaa ni balaa. Msiinyang'anye, atajificha zaidi. Kaa naye mfungue pamoja, muulize hawa wanakufanya ujisikieje, afute yeye mwenyewe.

Mashangazi: mama aliwapigia simu kabla hawajaja, akasema mkifika kwangu msitaje mwili wa mwanangu, iwe kwa kumsifia au kwa kumsema, muulizeni masomo, muulizeni kwaya. Mmoja alinuna mwaka mzima. Mama akasema anune. Siku ile nikajua nina mtu.

Ukianza kuongea naye usianze na "tunatakiwa upungue". Anza na vile anavyojisikia, uchovu, usingizi, hedhi, shule. Mwambie shingo siyo uchafu na umwombe radhi kwa dodoki. Utashangaa atakavyolia.

---

Gereji_Boy88

Na baba yake jamani msimsahau. Amwite jina lake tu.

---

MamaWatatu_Ukonga

Baba yake nimempa simu asome uzi wote. Kanyamaza, kasema ataacha. Kliniki naenda naye wiki hii. Sista nikifika niseme nini ili tusiishie kuambiwa tu apunguze kula?

---

Sista_Wa_Zamu

Sema hivi: mwanangu uzito umeongezeka haraka tangu avunje ungo, hedhi imekata miezi mitatu, shingo nyeusi, anakoroma, anakula mafichoni, na amekuwa mnyonge mpaka ametaja kufa. Taja vyote kwa mkupuo, na hicho cha mwisho usikimeze kwa sababu ya aibu. Omba sukari na presha vipimwe, na kwa kuwa hedhi imekaa muda huo watapima pia ujauzito, ni utaratibu tu kwa kila binti, mwandae mapema asione anashutumiwa. Uzito na urefu wasome kwenye chati ya umri wake na jinsia yake, mtoto wa miaka 15 hasomwi kama mtu mzima. Omba apimwe uzito pembeni, namba isitajwe kwa sauti, hiyo ni haki yake na ukiomba kwa upole wengi wanakubali. Halafu mwache dakika kumi aongee na daktari au muuguzi peke yake wewe ukae nje, kuna mambo hawezi kusema ukiwepo hata akupende vipi. Mkikutana na mtu anayemkemea, mkatafute mwingine, msikate tamaa na kliniki zote kwa ajili ya mmoja. Na muombe rufaa ya mtaalamu wa saikolojia siku hiyo hiyo, msingoje mpaka apungue ndipo atibiwe huzuni, huzuni inaanza kutibiwa akiwa na mwili huu huu alionao.